Je, wajua kwa nini kompyuta za chuo zilikuwa zinarudi 2002?

Tuliosoma chuo Unguja miaka ya 2009, 2010 tunazikumbuka zile kompyuta za mezani, skrini ina kisogo kama TV ya zamani, Windows XP, feni linavuma, ukiiwasha asubuhi inakwambia ubonyeze F1 kwanza, halafu ukitizama saa pale chini pembeni inasoma 1 Januari 2002.

Mie kwa muda mrefu nikiamini umeme ndo unaofuta saa. Chumba kizima tukisema hivyo, maana Desemba 2009 Unguja iliingia kizani mpaka Machi 2010, karibu miezi mitatu, na umeme uliporudi kompyuta kadhaa zikawa zimerudi nyuma miaka. Wengine wakasema virusi. Basi tukaskani flashi, tukapiga Windows upya, saa inakaa sawa mchana kutwa, usiku swichi ya ukutani ikizimwa, kesho 2002 tena. Lakini hebu fikiria, ingekuwa kukatika umeme kunafuta saa, kila kompyuta ukiichomoa ingepoteza tarehe, na si hivyo. Umeme ukikatika ndo unagundua kitu kilichokwisha kufa ndani.

Nacho ni betri. Fungua CPU, yaani lile boksi la kompyuta, kwenye madabodi, ule ubao mkuu wa sakiti, utaona kibetri cha mviringo kinang'aa kama sarafu, CR2032, volti 3. Kompyuta ikiwa imechomekwa, hata ukiizima, saa inakula umeme wa ukutani na betri inapumzika. Kwa hiyo miezi mitatu ya giza ilikuwa miezi mitatu ya kula betri tu, na zilizokuwa kuukuu zikaishia hapo hapo. Umeme ukirudi kwa kishindo huunguza madabodi kweli, sikatai, ila hapo mara nyingi kompyuta haiwaki kabisa.

Saa yenyewe ndo tamu sasa. Ndani mna kristali inayotetema mara 32,768 kwa sekunde. Kwa nini namba hiyo? Wapange wapiga dufu 15 msitari mmoja. Wa kwanza anasikiliza kristali, kila mitetemo miwili anapiga pigo moja. Wa pili anamsikiliza wa kwanza, mapigo mawili yeye anapiga moja, wa tatu anamsikiliza wa pili, hivyo hivyo mpaka wa 15, na huyo anapiga mara moja tu kwa sekunde. Gawa 32,768 kwa mbili mara 15, unapata 1 kamili! Na kugawa kwa mbili ni kazi nyepesi mno kwa sakiti, ndo maana kibetri kile kinaweza kumudu miaka. Saa nyingi za mkono za betri zinatumia hesabu hii hii.

Betri ikifa, dufu zote kimya, na kompyuta ikiwaka haina wa kumuuliza, inashika tarehe iliyowekewa kiwandani. IBM PC ya 1981 haikuwa na betri hii, ukiiwasha inakuuliza wewe leo tarehe ngapi, betri ikaja na PC AT, toleo lao la 1984.

Hata barua pepe ilikuwa inagoma kufunguka kwa sababu hiyo, maana kwa kalenda ya 2002 cheti cha usalama cha tovuti, kile kitambulisho chake chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, kilikuwa bado hakijaanza kazi. Ripoti yangu ya mwaka wa pili ninayo mpaka leo, faili linasoma 1 Januari 2002, saa sita na dakika kumi usiku, na sijaligusa.