Mama, kidonge na ufagio: tunayoyaamini kuhusu dawa za presha, na ukweli wake

Mwaka jana, nikipanga kabati la jikoni kwa mama yangu hapa Tanga, nilishika kopo la hamira nikaona limezidi uzito. Ndani mlijaa vidonge vya amlodipini, vile vile nilivyokuwa nampelekea kila mwezi. Alikuwa anavibandua kimoja kimoja, ananionyesha pakiti tupu, kisha anavificha. Miezi miwili na nusu. Mimi ni mfamasia. Kutwa nipo dirishani nawaelekeza watu namna ya kutumia dawa, na mama yangu mzazi alikuwa ananificha. Nilipomuuliza hakubisha. Alivuta khanga kidogo, akanionyesha miguu. "Mwanangu, hii dawa yako inanimaliza figo."

Tangu siku hiyo nawasikiliza wagonjwa kwa sikio jingine. Hawaogopi kwa ujinga. Kidonge wanakiona, wanakishika, wanajua saa waliyokimeza. Presha yenyewe mara nyingi haiumi popote, na inaweza kuila mishipa miaka kumi bila kubisha hodi. Basi chochote kitakachotokea mwilini baada ya kumeza, kidonge ndicho kinachobebeshwa lawama. Ninayoyaandika hapa ndiyo ninayoyasikia mara kwa mara.

"Miguu imevimba, basi figo zimekwisha"

Nilimbonyeza Mama kwenye muundi kwa kidole gumba, nikahesabu hadi kumi, nikaachia. Kishimo kilibaki pale kama kwenye unga wa maandazi uliokandwa. Nakiri kwamba hata mimi moyo ulishtuka.

Lakini uvimbe wa amlodipini una maelezo yake. Dawa hii hupanua mishipa midogo inayopeleka damu, na ndivyo inavyoshusha presha. Mishipa inayorudisha damu haipanuki kwa kiwango hicho, kwa hiyo maji kidogo hupenya na kuingia kwenye nyama, yakashuka chini kama maji yote, yakatuama vifundoni. Asubuhi miguu huwa na nafuu, jioni viatu havivaliki. Hutokea zaidi kwa anayetumia miligramu 10 kuliko anayetumia 5, na si dalili ya figo kufa. Tulimpima Mama mkojo na damu, figo zake zilikuwa nzima. Presha ndiyo iliyonitisha: 190 kwa 110, baada ya wiki zote zile za kopo la hamira. Daktari alimpunguzia amlodipini hadi miligramu 5 akamwongezea losatani, ambayo licha ya kushusha presha husaidia kupunguza uvimbe wa aina hii. Baada ya wiki chache viatu vilimwingia.

Kinachoua figo kwa wengi ni presha yenyewe ikiachwa, na sukari. Na hapa pana jambo linaloniumiza sana. Mtu huyo huyo anayekimbia amlodipini kwa hofu ya figo, jioni anapita duka la dawa kununua diklofenaki ya magoti, leo na wiki ijayo na wiki ile nyingine, bila kumuuliza mtu. Diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kupandisha presha na kuumiza figo, hasa zikitumika kwa muda mrefu, na hatari huzidi kwa anayetumia pia losatani na dawa ya kukojoza. Dawa ya maumivu haiogopwi kwa sababu inampa mtu nafuu saa ile ile.

Uvimbe wa kukimbilia hospitali siku hiyo hiyo ni ule wa mguu mmoja tu wenye maumivu, au unaokuja na pumzi kukata, hasa ukilala.

"Dawa za presha zinamaliza nguvu za kiume"

Hii hakuna anayeisema kwa sauti. Mzee anasubiri foleni iishe, anasogea dirishani, anainama: "Dokta, hizi dawa... kule nyumbani vipi?" Wengine hawaulizi kabisa, wanaacha tu, na mke ndiye anayekuja kutueleza mume alipoanguka na upande mmoja ukapooza.

Mwaka 2003 ulichapishwa utafiti uliofanyika Italia kwa wanaume 96 wenye ugonjwa wa moyo na mishipa, ambao hawakuwa na tatizo hilo mwanzoni. Wote walipewa dawa moja, atenololi, ya kupunguza mapigo ya moyo. Kundi la kwanza halikuambiwa ni dawa gani. La pili lilitajiwa jina la dawa tu. La tatu liliambiwa jina, na kwamba huenda ikapunguza nguvu za kiume, ingawa si kawaida. Kila kundi lilikuwa na watu 32. Baada ya miezi mitatu, aliyepata tatizo katika kundi la kwanza alikuwa 1. Kundi la pili, 5. Kundi la tatu, 10. Dawa ile ile, dozi ile ile. Kisha wale walioathirika walipewa dawa ya nguvu za kiume au kidonge kisicho na dawa ndani, na karibu wote walirejea hali yao, hata kwa kidonge kitupu.

Sisemi kwamba waliathirika kwa kujifanya. Hofu inapoingia chumbani na mtu, mwili unaitii. Wala sisemi dawa hazina hatia kabisa: baadhi ya dawa za zamani za kupunguza mapigo ya moyo, na za kukojoza, huweza kuchangia kwa baadhi ya wanaume. Losatani na amlodipini kwa kawaida hazina lawama hiyo. Na presha isiyotibiwa huharibu mishipa ile ile inayohitajika kwa kazi hiyo, kwa hiyo kuacha dawa ili kuokoa nguvu ni kubomoa ukuta ili kuokoa mlango. Mzee wangu, sema. Dawa hubadilishwa. Ila usinunue vidonge vya kuongeza nguvu mtaani kimya kimya: ukivichanganya na dawa za moyo za jamii ya naitreti, presha inaweza kuporomoka hadi ukapoteza maisha.

"Karatasi ya kwenye boksi imeyataja yote, basi yatanipata"

Kuna kijana aliniletea karatasi ya dawa ya baba yake, amepigia mistari kwa biro nyekundu kila neno lililomtisha. Ilikuwa nyekundu karibu yote. Nilimwonyesha maneno aliyoyaruka. Karatasi hizi zina daraja: inaposema madhara ni ya mara nyingi sana, maana yake yanampata zaidi ya mtu 1 kati ya 10. Inaposema nadra, ni chini ya mtu 1 kati ya 1,000. Nadra sana, chini ya 1 kati ya 10,000. Msomaji mwenye hofu husoma kikohozi na ini kufeli kama vitu viwili vilivyosimama mlangoni pamoja.

Na mwili unaojichunguza hukuta kitu. London, watu 60 waliokuwa wameacha dawa za kushusha lehemu, yaani mafuta kwenye damu, kwa sababu ya maudhi yake waliingia kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 2020. Katika miezi 12, miezi minne walimeza dawa, minne vidonge vitupu, minne hawakumeza kitu, kwa mpangilio wa kuchanganya, bila kujua kidonge kipi ni kipi. Kila siku waliandika jinsi wanavyojisikia. Miezi isiyo na kidonge alama za usumbufu zilikuwa 8.0, ya vidonge vitupu 15.4, ya dawa yenyewe 16.3. Maumivu yalikuwa ya kweli, ila karibu yote yalitokana na kule kumeza, si na dawa. Walipoonyeshwa matokeo yao wenyewe, nusu yao walirudi kwenye dawa.

"Mwenye presha apumzike"

Hapa nina deni. Siku Mama alipogundulika na presha, sisi watoto tulimpenda kwa namna iliyomdhuru. Tulimnyang'anya ufagio. Aliyekuwa akifagia uwanja alfajiri, akitwanga kisamvu, akifua khanga zake kwa mkono, tulimkalisha barazani kwenye kiti. "Mama kaa, una presha." Akakaa asubuhi hadi magharibi, miguu ikining'inia, na miguu inayoning'inia kutwa huvimba zaidi, kwa sababu kigimbi ndicho pampu inayorudisha damu juu na kigimbi kisichofanya kazi hakisukumi kitu. Usingizi ukamruka kwa kuwa mwili haukuchoka. Choo kikawa kigumu. Viungo vikakakamaa. Yote akayaandika kwenye hesabu ya kidonge.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, yaani kama dakika 22 kwa siku kwa kuanzia. Sharti la zamani kwamba kila zoezi lifike dakika kumi mfululizo halipo tena. Kazi za nyumbani zinahesabika. Huhitaji viatu vya mazoezi wala kutoka getini kama barabara inakutisha. Mazoezi ya namna hii hushusha presha kwa namba zinazoonekana kwenye kipimo, na baada ya zoezi presha hubaki chini kwa saa kadhaa.

Tulimrudishia Mama ufagio. Pamoja na huo, asubuhi anakaa kwenye kiti cha mbao, mikono kifuani, anasimama na kukaa mara kumi. Kisha anashika fremu ya mlango wa uani, ananyanyua visigino, anashusha, mpaka vigimbi vipate moto. Jioni anazunguka uwanja akiongea na jirani juu ya ukuta. Kipimo ni hicho hicho cha maongezi: uweze kuongea, lakini ukijaribu kuimba pumzi ikatae. Usibane pumzi unaponyanyua kitu. Asubuhi usikurupuke kitandani. Kaa ukingoni kwanza, miguu chini, kizunguzungu kipite. Na kama presha bado iko 180 kwa 110 au zaidi, au kifua kinabana ukitembea, muone daktari kabla ya kuanza lolote.

"Moyo unaenda mbio, dawa imenizidi"

Ukipanda ngazi moyo huenda mbio, ndiyo kazi yake. Ukiogopa pia huenda mbio, mikono ikatetemeka, vidole vikafa ganzi, kifua kikawa kama kimefungwa kamba. Mtu aliyekaa muda mrefu bila kujisogeza akifagia dakika tano tu anapata mapigo hayo hayo, anakumbuka kidonge cha asubuhi, anaogopa, mapigo yanazidi. Anakaa. Kesho hafagii. Kinachovunja mzunguko huo ni kuongeza kidogo kidogo: dakika tatu leo, tano kesho kutwa, hadi mwili ukumbuke kwamba moyo kudunda ni kawaida.

Usikimbilie kipimo kila unaposhtuka. Ukipima mara kumi kwa siku huku unatetemeka, utapata namba kumi za hofu. Keti dakika tano, mgongo umeegemea, miguu sakafuni, kibofu kitupu, mkono usawa wa moyo, usiongee. Nusu saa kabla yake usinywe kahawa wala usifanye zoezi. Mama hupima asubuhi kabla ya dawa, na jioni, basi.

Maumivu ya kifua yanayokwenda begani au tayani, kuzimia, uso kwenda upande, ulimi kuwa mzito, hayo si ya kukaa kuyatafakari. Ni hospitali.

"Ni mawazo yako tu"

Dhana hii ni yetu sisi wenye makoti meupe, na imefukuza wagonjwa wengi kuliko kidonge chochote. Mama alianza kuficha dawa baada ya kuulizia miguu kwenye kituo kimoja cha afya na kujibiwa kwamba ana wasiwasi. Hakuwa na wasiwasi, alikuwa na miguu iliyovimba.

Madhara ya kweli yapo. Enalaprili, dawa nyingine ya presha, na ndugu zake huleta kikohozi kikavu kwa takribani mtu 1 kati ya 10. Mara chache huvimbisha midomo na ulimi, na hilo huwapata zaidi watu weusi. Likitokea, usimeze tena, kimbilia hospitali saa hiyo hiyo. Kwa Tanzania, madhara ya dawa huripotiwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na mgonjwa mwenyewe anaruhusiwa kuripoti, hahitaji kumsubiri daktari. Kwa maudhi madogo madogo namshauri kila mtu anunue daftari: tarehe, saa ya dawa, alichohisi, alichokuwa akifanya, alilala vipi. Wiki mbili tu.

Mzee mmoja alinifuata na daftari lake mwezi uliopita. Ukurasa mzima ulikuwa "kikohozi, usiku", "kikohozi, usiku", tangu siku ya tisa ya enalaprili, hana mafua, hana homa, makohozi hakuna. Nilimwandikia daktari barua, akabadilishiwa losatani. Nilimweleza asitarajie kulala vizuri siku ile ile, kwa kuwa kikohozi hicho huchukua kama wiki moja hadi nne kuisha baada ya kuacha dawa. Akaniomba nimwandikie hilo kwenye daftari lake, ili asije akaisingizia dawa mpya.