Kuchoma manukuu kwenye video: maliza kazi yote kabla ya kuchoma

Manukuu ya video, yaani maandishi ya yanayosemwa, ni ya aina mbili. Kuna yanayokaa kwenye faili yake ya pembeni, ambayo mtazamaji huyawasha na kuyazima kwa kitufe cha CC. Na kuna yaliyochomwa: maandishi yameingia ndani ya picha yenyewe na hakuna kitufe kinachoyaondoa. Mimi ni mhariri wa video, na nyingi ninazotoa kwa mitandao ya kijamii huenda zikiwa zimechomwa. Video fupi hupita mkono kwa mkono. Mtu anaipakua TikTok, anaituma WhatsApp, mwingine anaiweka kwenye status. Faili ya pembeni inapotea kwenye hatua ya kwanza tu, ilhali maandishi yaliyochomwa yanasafiri na picha popote iendapo. Kiziwi anayeipokea kutoka kwa mtu wa nne bado anaisoma yote, na aliyezima sauti ya simu naye hapitwi.

Ubaya wake unatoka hapohapo. Jina la mtu likikosewa na likachomwa, halifutiki. Itabidi uitoe video upya na uipandishe upya, na nakala yenye kosa imeshasambaa. Ndiyo maana nasisitiza: kuchoma ni hatua ya mwisho kabisa, na video safi isiyo na maandishi haifutwi kamwe.

Anza na maneno. Programu nyingi, CapCut ikiwemo, husikiliza sauti na kuandika zenyewe. Whisper, modeli ya kugeuza sauti kuwa maandishi ambayo OpenAI waliitoa Septemba 2022, inashughulikia Kiswahili pia na inakutolea moja kwa moja faili ya SRT, yaani ile faili ya pembeni yenye maneno na muda wa kila mstari. Zitumie, zinapunguza sana kazi ya kuchapa. Kisha kaa na sauti masikioni upitie kila mstari, maana Kiswahili hubeba mambo mazito kwenye silabi ndogo. “Hawatakuja” ikikosa silabi ya kwanza inakuwa “watakuja”, na msemaji wako amenukuliwa kinyume cha alichosema. Sentensi ya aina hiyo inapita vizuri machoni kwa sababu haina kosa la tahajia. Sikio peke yake ndilo litakaloikamata. Kagua pia majina ya watu, tarakimu, na mahali msemaji anapochanganya lugha.

Sauti zenye maana ziandike kwenye mabano ya mraba: [mlango unagongwa], [makofi]. Watu wawili wakizungumza bila kuonekana, taja nani anasema.

Halafu kuna muda, na hapa Kiswahili kinahitaji hesabu yake. Miongozo mingi hupima kasi ya kusoma kwa maneno, tuseme maneno 160 kwa dakika. Chukua “Hawajatuambia watakapotuletea”. Ni maneno mawili tu, na kwa kipimo hicho yangestahili robo tatu ya sekunde. Nani ataisoma? Ukihesabu herufi unapata 29 pamoja na nafasi, na kwa herufi 17 kwa sekunde yanahitaji karibu sekunde 1.7. Basi pima kwa herufi. Mimi hulenga 15 hadi 17 kwa sekunde, na msemaji akikimbia kupita kiasi ninafupisha sentensi bila kugusa maana yake. Kinachobadilika kabla jicho halijatulia hakijamfaa mtu.

Netflix, kwa lugha nyingi za herufi za Kilatini, wanaweka kikomo cha herufi 42 kwa mstari na mistari miwili kwa wakati mmoja. Hicho ni kipimo cha skrini pana. Kwenye video ya wima ya pikseli 1080 kwa 1920, herufi 42 zitaingia tu ukizifanya ndogo zisizosomeka kwenye simu. Mimi hukaa karibu na 25, mistari miwili. Mahali pa kukata mstari pana uzito kuliko hesabu yenyewe. Usiache “wa”, “ya”, “kwa” au “na” ikining’inia mwishoni. Hivi ni vibaya:

Tulipofika nyumbani kwa
mama mkubwa wa Asha

Hivi vinasomeka:

Tulipofika nyumbani
kwa mama mkubwa wa Asha

Kwa sababu hiyohiyo sipendi mtindo wa kurusha neno mojamoja katikati ya skrini. Unavutia macho kwa sekunde chache, lakini anayetegemea maandishi peke yake ananyimwa umbo la sentensi.

Rangi nayo ina sababu ya kiufundi ambayo wengi hawaielezwi. Video za kawaida mtandaoni huhifadhi mwanga wa picha kwa ukamilifu, lakini taarifa za rangi huhifadhiwa kwa nusu ya upana na nusu ya urefu, yaani robo tu ya vipimo. Maandishi mekundu juu ya picha nyeusi au ya buluu yanatofautiana na mandhari kwa rangi zaidi kuliko kwa mwanga, kwa hiyo kingo zake zinavurugika. Kisha mtandao wenyewe unaibana video tena baada ya kuipandisha, na hali inazidi. Maandishi meupe au ya njano yenye mstari mweusi pembeni yanastahimili yote hayo. Chagua fonti nene isiyo na madoido. Kama mandhari inabadilika sana, weka kisanduku cheusi chenye uwazi kidogo nyuma ya maneno.

Mahali pa kuweka: chini kabisa hapafai. Pale jina la akaunti, maelezo na jina la muziki hufunika picha, na upande wa kulia vitufe vinashuka kwa safu. Video hiyo ya wima (9:16) ikionyeshwa kwa uwiano wa 4:5, pikseli 285 zinakatwa juu na nyingine 285 chini. Mimi huweka manukuu juu zaidi ya hapo, chini ya kidevu cha msemaji, na hayafuniki mdomo, kwa kuwa wapo viziwi wanaosoma midomo.

Maneno, muda na mahali vikishakamilika, ndipo unachoma. Programu yoyote ya kuhariri inaweza. Nikiwa na video nyingi hutumia FFmpeg, programu isiyolipiwa inayoendeshwa kwa kuandika amri:

ffmpeg -i safi.mp4 -vf "subtitles=manukuu.srt" -crf 18 -c:a copy tayari.mp4

Sauti inanakiliwa ilivyo, ila picha lazima isimbwe upya, na hilo halikwepeki. Namba ya crf ndiyo inayopanga ubora. Kwa H.264, njia ya kawaida ya kubana video, thamani yake ya kawaida ni 23. Ukiishusha hadi 18 faili inakuwa kubwa lakini kingo za herufi zinabaki safi. Hifadhi SRT kwa usimbaji wa herufi wa UTF-8, na kumbuka kuwa milisekunde humo hutanguliwa na mkato, si nukta. Kisha itazame video kwenye simu, sauti ikiwa imezimwa, kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Kuchoma hakutoshi kila mahali. Maandishi yaliyo ndani ya picha hayawezi kukuzwa na mtazamaji wala kutafsiriwa kwa kitufe, na mtu asiyeona wala kusikia hawezi kuyapata kwenye kifaa chake cha breli. Kwa hiyo YouTube naipelekea ile video safi pamoja na SRT yake. Nikiipa iliyochomwa pamoja na SRT, anayewasha CC ataona maandishi juu ya maandishi na hatasoma lolote. Iliyochomwa ni ya WhatsApp, ya status, na ya kila mahali ambapo faili ya pembeni haipokelewi.