Hozi ni nini, na kwa nini hukatwa mshazari

Tazama picha zilizochorwa Italia au Ufaransa katika karne ya 15: wanaume wamevaa vazi linalobana mguu kuanzia kidoleni hadi kiunoni, ungedhani ni taiti za siku hizi. Hiyo ndiyo hozi. Lakini haina mpira wala uzi wa kuvutika. Uzi wa spandeksi ulibuniwa Marekani mwaka 1958. Hozi ilishonwa kwa sufu iliyofumwa, kitambaa kama cha koti. Ilikuwaje basi ibane hivyo na mvaaji bado aweze kupiga goti?

Jibu ni mkato. Kitambaa kilichofumwa kina nyuzi za mtande, zinazokwenda kwa urefu, na za mshindo, zinazozikatiza. Ukikivuta kwa kufuata mtande, hakiendi popote. Ukikivuta mshazari, digrii 45 kati ya mtande na mshindo, kinatanuka, na ukikiachia kinarudi. Kila kipande cha hozi kilikatwa hivyo, mshono mmoja ukapita nyuma ya mguu. Ndiyo, mkato huo unakula kitambaa, na ndiyo maana baadhi ya hozi za kale zimeungwaungwa kwa vipande vidogo.

Mwanzoni zilikuwa mbili, kila mguu na wake, zikifungwa kwenye mkanda wa nguo ya ndani ya kitani. Maiti ya mwanamume wa zama hizo, iliyopatikana mwaka 1936 kwenye kinamasi cha Bocksten huko Sweden, ilikutwa na hozi za aina hii. Baadaye koti za wanaume zilipozidi kuwa fupi, ilibidi hozi ziunganishwe matakoni na kuwekewa kibandiko mbele, maana stara ilikuwa imeisha. Venisi kulikuwa hata na vikundi vya vijana wa kitajiri vilivyotambulikana kwa rangi na mapambo ya hozi zao.

Anayeshona hozi kwa ajili ya maigizo hukwama sehemu mbili. Ya kwanza ni kifundo cha mguu. Wengi hupima mzunguko wa kifundo chenyewe, wakashona, kisha mguu ukagoma kuingia. Kipimo kinachotakiwa ni cha kuzungusha futi kutoka kisigino hadi juu ya wayo, kwa sababu hapo ndipo nguo inapopita ikivaliwa. Mshazari utasaidia kiasi, lakini usiutegemee kwa kila kitu. Ukijaribu kwanza kwa marekani, yaani kitambaa cha pamba cha kawaida, nayo ikate mshazari, la sivyo jaribio halitakuambia lolote. Mvaaji asimame, uzito kwenye miguu yote miwili, na fundi abane mshono wa nyuma kwa pini kuanzia pajani kushuka. Wakati wa kushona usikivute kitambaa, mshono utakuja na mawimbi. Kwa mkono tumia kushona kwa kurudi nyuma. Kwa cherehani, zigizaga nyembamba. Mshono ulionyooka wa cherehani hukatika uzi mara mvaaji anapochuchumaa.

Sehemu ya pili ni kiunoni. Watu huweka mkanda au mpira, na hozi inashuka mchana kutwa. Hozi haishikwi na kiuno, inaning'inizwa: hufungwa kwa kamba zinazopita kwenye matundu yaliyodariziwa, jozi kwa jozi, hadi kwenye kizibao kinachobana kiwiliwili. Kwa hiyo kizibao kishonwe kwanza, tena kwa kitani imara, kwani ndicho kinachobeba mzigo wote. Kamba zikiwa fupi mno nyuma, mvaaji hawezi kuinama. Vibarua katika picha za kale wanaonekana wamefungua za nyuma kabisa, shati la ndani likichungulia.

Kuhusu mikunjo nyuma ya goti na kifundoni, iache. Picha zile zile zimejaa mikunjo hiyo, na fundi anayeikaza yote humnyima mvaaji nafasi ya kukaa.