Hawachezi: Dhana Potofu Kuhusu Darasa la Serikali ya Marekani

Picha iliyobandikwa kwenye ukuta wa shule ilionyesha wanafunzi watatu wamevaa majoho meusi, wa katikati ameshika nyundo ya mbao. Mzee mmoja wa Kivu ya Kusini, aliyefika hapa Illinois baada ya miaka mingi katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, aliitazama kwa muda, kisha akanigeukia mimi mkalimani wake. "Mama, hawa batoto banasoma saa ngapi?"

Lilikuwa swali la haki. Binti yake yuko darasa la 12, mwaka wa mwisho wa sekondari, na wiki ile alikuwa amerudi nyumbani mara mbili akisema amekuwa jaji. Mimi nilizaliwa Kigoma na somo la Uraia nililisoma kwa kukariri: mihimili mitatu ya dola, kazi za mbunge, sifa za raia mwema. Nilifaulu vizuri, lakini muswada sikuwahi kuuona kwa macho. Sasa kazi yangu ni kukaa kati ya walimu wa hapa na wazazi wanaozungumza Kiswahili, na jioni za wazazi nasikia kila mwaka dhana zilezile kuhusu somo la serikali ya Marekani, ambalo watoto hujifunza kwa kuigiza Bunge na mahakama. Naziandika kwa sababu kuna watoto wanaokatazwa na wazazi wao kushiriki, na wanachokosa ni kikubwa.

"Wanacheza tu, hakuna masomo pale"

Marekani haina mtaala mmoja wa taifa. Kila jimbo hupanga lake, na Illinois ilipitisha sheria mwaka 2015 inayotaka sekondari za umma zifundishe somo la uraia angalau muhula mmoja. Sheria hiyo haikuishia kutaja jina la somo. Ilisema ndani yake kuwe na taasisi za serikali, mijadala ya masuala yanayogawanya watu, huduma kwa jamii iliyofungamana na masomo, na maigizo ya mchakato wa kidemokrasia. Kwa hiyo lile joho na ile nyundo vimo katika sheria ya jimbo. Massachusetts nayo, kwa sheria ya mwaka 2018, inataka wanafunzi waongoze wenyewe mradi wa uraia, mara moja darasa la nane na mara nyingine sekondari. Arizona ilichukua njia tofauti: mwaka 2015 ilikuwa ya kwanza kumtaka mwanafunzi afaulu maswali yanayotokana na mtihani wa uraia wa wahamiaji ndipo ahitimu. Mimi niko upande wa Illinois, na sababu yangu nimeiona darasani.

Darasa linageuzwa Bunge. Kila mwanafunzi anaandika muswada, na wengi huanza na ndoto kubwa: chuo kikuu bure, mabasi bure, shule ianze saa nne asubuhi. Kisha miswada inapelekwa kwenye kamati, na hapo ndipo vilio huanza. Mwenyekiti wa kamati ndiye anayepanga ratiba. Asipouweka muswada wako kwenye ratiba, umekufa, na hakuna aliyepiga kura ya kuukataa. Mtoto anamwendea mwalimu akilalamika kwamba ameonewa, mwalimu anamjibu kwamba Washington iko hivyohivyo. Katika kila Bunge la miaka miwili huwasilishwa zaidi ya miswada elfu kumi, na inayofikia kuwa sheria ni mamia machache. Mingine yote, au karibu yote, hulala kwenye kamati.

Wanaovuka wanafika Seneti ya darasa. Wana kura 14 kati ya 25, wanashangilia, halafu wanaambiwa bado. Katika Seneti ya kweli yenye maseneta 100, miswada mingi inahitaji kura 60 ili mjadala ufungwe na upigaji kura uanze. Waliopungukiwa na kura moja wanalazimika kwenda kwa wapinzani wao wakati wa chakula cha mchana na kuuliza, "Tukibadilisha kifungu gani utatuunga mkono?" Mimi sikulipata hilo kwenye daftari langu la Uraia. Ningeweza kuandika kwamba Bunge hutunga sheria, nikapewa alama zangu, nisijue kamwe kwamba kutunga sheria ni kumwomba asiyekupenda.

"Rais akisema, imekwisha"

Hii tumekuja nayo kutoka nyumbani. Tanzania Rais huteua wakuu wa mikoa na wakuu wa wilaya, na akitaka huwaondoa. Mzazi aliyekulia huko anapomsikia gavana wa jimbo akibishana na Rais wa Marekani hadharani hudhani gavana huyo atafukuzwa kesho yake. Hafukuzwi. Gavana amechaguliwa na wapiga kura wa jimbo lake, na Rais hana kalamu ya kumwondoa.

Mfano ambao walimu wengi wanaupenda ni wa mwaka 1952. Vita vya Korea vikiendelea, wafanyakazi wa viwanda vya chuma walikuwa wanajiandaa kugoma, na Rais Truman akaamuru serikali ishike viwanda hivyo. Wenye viwanda wakaenda mahakamani. Mwezi Juni mwaka huohuo Mahakama ya Juu iliamua, majaji sita dhidi ya watatu, kwamba Rais hakuwa na mamlaka hayo, na viwanda vikarudishwa kwa wenyewe. Darasani wanafunzi hupewa pande: huyu wakili wa Rais, yule wakili wa kampuni, tisa wanakaa kwenye kiti cha majaji. Binti wa yule mzee alikuwa mmoja wa wale tisa. Aliamua dhidi ya Rais, na ilimbidi aandike sababu zake ukurasa mzima.

Kura ya turufu nayo huwashangaza. Rais anaweza kuukataa muswada, lakini theluthi mbili ya kila baraza la Bunge zikiuunga mkono tena, unakuwa sheria bila sahihi yake.

"Aliyepata kura nyingi ndiye Rais"

Mwaka 2016 Hillary Clinton alipata kura za wananchi karibu milioni tatu zaidi ya Donald Trump, na Trump ndiye aliyeapishwa. Mwaka 2000 ilitokea vivyo hivyo kati ya Al Gore na George W. Bush. Rais huchaguliwa na wajumbe 538 wa majimbo na wa mji mkuu, na mshindi anahitaji 270. California ina wajumbe 54, Wyoming watatu, Illinois yetu 19. Isipokuwa Maine na Nebraska, jimbo hutoa wajumbe wake wote kwa aliyeongoza pale, hata akiongoza kwa kura chache.

Kulieleza hili kwa maneno, tena kwa njia ya mkalimani, ni kazi ya saa nzima. Darasani huchukua dakika 20: madawati yanapangwa kimajimbo, kura zinapigwa, na watoto wanahesabu mara mbili, kwanza vichwa, kisha wajumbe. Majibu mawili yakitofautiana, hakuna anayesahau tena.

"Siasa ni hatari, mwanangu akae mbali"

Hapa sibishani na mzazi haraka. Mtu ambaye jirani yake alichukuliwa usiku kwa sababu ya chama ana haki ya kutetemeka mwanawe anapotamka neno siasa. Nimewahi kumtafsiria mama mmoja aliyemwomba mwalimu, kwa heshima zote, amtoe kijana wake kwenye mdahalo na ampe kazi ya kuandika badala yake. Sauti yake ilikuwa chini sana, ikabidi nimwombe arudie.

Mwalimu alimweleza kwamba pande hugawiwa kwa bahati nasibu. Kijana anaweza kupewa kutetea jambo asiloliamini, na wiki inayofuata akapewa upande mwingine. Hakuna anayeulizwa kwao wanapenda chama gani. Nikaongeza, kwa ruhusa ya mwalimu, kisa ambacho kila mwanafunzi wa darasa hili hukisoma. Mwezi Desemba 1965, huko Des Moines, Iowa, wanafunzi kadhaa walivaa vitambaa vyeusi mkononi kuomboleza waliokufa katika vita vya Vietnam. Walisimamishwa shule. Mmoja wao, Mary Beth Tinker, alikuwa na miaka 13. Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Juu, na mwaka 1969 majaji saba dhidi ya wawili walisema mwanafunzi haachi uhuru wake wa kusema kwenye lango la shule, mradi asivuruge masomo. Mama yule alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na baba yake, hawakumkamata?"

Nilimjibu kwamba hapana, baba yake ndiye aliyefungua kesi kwa niaba ya watoto wake.

"Sisi si raia, somo hili halituhusu"

Linawahusu, na kuna jambo moja ambalo nataka kila mzazi alishike. Mtoto asiye raia anaweza kufanya kila kazi ya darasani. Anaweza pia kuhudhuria kikao cha bodi ya shule, kusimama mbele ya baraza la jiji akasema shida ya mtaa wake, na kumwandikia mbunge wa eneo lake. Asichoweza ni kujiandikisha kupiga kura. Wakati mwingine fomu za kujiandikisha huletwa shuleni, na kijana akaona wenzake wanajaza naye akajaza. Asijaze. Fomu hiyo inamtaka athibitishe kwamba ni raia, na kuthibitisha uongo kunaweza kumfungia mlango wa uraia na hata kumfikisha kwenye kufukuzwa nchini. Kama hana uhakika wa hali yake, aiache ile karatasi mezani, aje aulize nyumbani kwanza.

Upande wa pili ni mzuri zaidi. Mzazi mwenye ukaazi wa kudumu akipata uraia, mtoto wake aliye chini ya miaka 18, mwenye ukaazi wa kudumu na anayeishi naye hapa, anakuwa raia papo hapo kwa sheria. Kwa wanaoomba tangu tarehe 20 Oktoba 2025, mtihani wa mzazi una orodha ya maswali 128. Ofisa huuliza hadi 20, na kufaulu ni 12. Mzee wa miaka 50 aliyekaa kama mkaazi wa kudumu miaka 20, au wa miaka 55 aliyekaa miaka 15, anaweza kuufanya kwa Kiswahili akiwa na mkalimani. Nyumba nyingi ninazozijua, anayemsomesha baba jioni ni mtoto wa darasa la 12.

"Kazi za wanafunzi zinaishia kwenye kabati la mwalimu"

Mwaka 2015 wanafunzi wa somo la serikali katika sekondari ya Hightstown, New Jersey, walikuwa wanasoma habari za watu weusi waliouawa wakati wa harakati za haki za kiraia, wauaji wasipatikane. Waliomba nyaraka za serikali. Walizopata zilikuwa na mistari mingi iliyofutwa kwa wino mweusi, na nyingine hazikuja kabisa. Wangeweza kuandika insha ya kulalamika. Wao waliandika muswada, wakichukua mfano wa sheria ya mwaka 1992 iliyofungua nyaraka za mauaji ya Rais Kennedy, ili iundwe bodi ya kuzipitia kesi hizo za zamani na kutoa kumbukumbu zake hadharani.

Kisha wakaanza kubisha hodi. Walikwenda Washington, wakaongea na wasaidizi wa wabunge, wakarudi, wakaandika upya. Waliohitimu waliwaachia kazi waliowafuata. Hatimaye seneta Doug Jones wa Alabama, wa chama cha Democratic, aliuwasilisha, na Ted Cruz wa Texas, wa Republican, akauunga mkono. Januari 2019 Rais Trump alitia sahihi, ukawa sheria ya nchi.

Ningeishia hapo kisa kingependeza, lakini walimu makini huendelea, na ndiyo maana nawaheshimu. Sheria ilikuwapo, bodi haikuwa na watu. Wajumbe huteuliwa na Rais na kuthibitishwa na Seneti, na Seneti iliwathibitisha wa kwanza mwaka 2022, miaka kama mitatu baadaye. Walioandika rasimu ya kwanza walikuwa wamekwishamaliza sekondari zamani.

Na kwa mzazi anayehofia alama: mwaka 1982 mwanafunzi wa chuo kikuu cha Texas, Gregory Watson, aliandika insha kwamba pendekezo la marekebisho ya katiba la mwaka 1789, kuhusu mishahara ya wabunge, bado liko hai na linaweza kupitishwa. Alipewa C. Akaandika barua kwa mabunge ya majimbo, mwaka baada ya mwaka, na mwaka 1992 pendekezo lile likawa Marekebisho ya 27 ya Katiba ya Marekani. Chuo kilimbadilishia alama kuwa A mwaka 2017.

Mwishoni mwa muhula darasa la binti yule lilifanya kikao cha wazi cha kamati, wazazi wakaalikwa kutoa ushahidi. Muswada ulihusu basi la jiji linaloacha kupita saa mbili usiku. Yule mzee huingia zamu ya usiku, basi hilo analijua kuliko sisi sote. Alisimama kwenye kipaza sauti, mimi pembeni yake, akaanza kueleza jinsi anavyotembea na mvua, na jinsi wenzake wawili walivyopoteza kazi. Alipofika dakika ya tatu, binti yake, mwenyekiti wa kamati siku hiyo, aligonga meza na kusema kwa Kiingereza kwamba muda wa shahidi umekwisha.

Nilisita kutafsiri. Mtoto hamwambii baba yake hivyo, tena mbele za watu. Lakini mzee alikuwa ameshaelewa. Alivua kofia, akainamisha kichwa kidogo kuelekea meza ya mbele. "Asante, mwenyekiti," alisema, akarudi kuketi.