Glavu Nene Si Lazima Iwe na Joto Zaidi

Imani kwamba kadiri glavu inavyokuwa nene ndivyo inavyomlinda askari zaidi ni ya zamani, lakini haipatani na namna mkono unavyopata joto. Joto huletwa na damu, na kinacholizuia lisipotee ni hewa iliyotulia kati ya nyuzi. Kwa hiyo glavu nene inayobana hufinya mishipa, huondoa hewa hiyo, na vidole huweza kupoa upesi kuliko ndani ya glavu nyepesi yenye nafasi.

Katika Vita vya Korea, mwishoni mwa 1950, baridi kwenye bwawa la Chosin ilifikia takriban nyuzi 30 za Selsiasi chini ya sifuri. Jeshi la Marekani lilikuwa na glavu za tabaka mbili, sufu ndani na ganda nje, zilizotenga kidole gumba na cha shahada tu, ili vidole vitatu vilivyobaki vipashane joto na bunduki bado ifyatuliwe.

Hatari kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kuvua glavu kabisa kwa kazi ndogo. Chuma chenye baridi kali hunasa ngozi tupu, ndiyo maana glavu nyembamba hubaki mkononi chini ya ile kubwa, nayo kubwa hufungwa kwa kamba inayopita shingoni (kama za watoto, naam) isipeperuke. Penye moto, nailoni haifai, kwani huyeyuka na kugandamana na ngozi.