"Lakini wakili, ni kweli!"

Mteja akianza na sentensi hiyo, najua kuna grupu la ukoo limeshachafuka. Safari hii ni shangazi mtu (nimebadilisha mambo, msimtafute). Alimtumia mpwa wake pesa za mabati ya nyumba ya urithi Ngamiani, Tanga, nyumba haikuezekwa, akamwandika "mwizi" mbele ya ukoo mzima na skrinishoti ya M-Pesa chini yake.

Ya haraka kwanza, kuhusu kashfa, yaani maneno ya kumchafulia mtu jina. Maneno yakimfikia hata mtu mmoja zaidi ya anayesemwa, yameshatangazwa. Kufuta baadaye hakuondoi kosa. Aliyekashifiwa ana miaka 3 ya kukufungulia madai. Na kumsema bila kumtaja jina, "mwenyewe anajijua", hakukuokoi kama na wengine wanamjua.

Sasa huo ukweli. Ni utetezi, ndiyo, lakini ukweli wa neno lipi? Isome tena skrinishoti: kiasi fulani kimetumwa kwa fulani, saa fulani. Haisemi zilikuwa za mabati, achilia mbali kuwa zimeibwa. "Nilimpa, hajaezeka" unaweza kuithibitisha. "Mwizi" ni tuhuma ya jinai, na mzigo wa kuithibitisha ni wako wewe uliyeitoa. Hapo mdai anageuka mdaiwa.

Halafu kuna jibu la mpwa, kwamba pesa ziliishia kwenye operesheni ya mkewe. Nalo limebandikwa grupuni, na jina la hospitali juu! Ugonjwa wa huyo mke ni kweli tupu, na ndiyo maana kuubandika ni tatizo. Faragha imo katika Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti, ingawa kuivuta sheria hiyo hadi grupu la nyumbani kuna ubishi.

Kikao cha warithi ni tofauti. Warithi wakimhoji mwenzao kuhusu pesa za nyumba wana kinga dhidi ya kesi ya kashfa, mradi hawasukumwi na chuki. Grupu la warithi watupu ningelitetea bila wasiwasi. Lakini lenye mashemeji, na mpambaji aliyeingizwa wakati wa harusi akasahaulika humo? Vitabu vinasema kinga ni ya "wenye maslahi ya pamoja" na kupita. Mimi siahidi kitu.

Andika barua ya madai. Deni la mkataba lina miaka 6, halikulazimishi kuandika grupuni saa saba usiku. Ukifika mahakamani, utaje ubadhirifu ndani ya hati ya madai. Yanayohusu shauri hayakuletei kesi ya kashfa.