Kwa nini bomba la sindano hufunguliwa mbele ya macho yako?

Wiki iliyopita nilimsindikiza dada yangu kumchanjisha mwanawe katika kituo kimoja cha afya hapa Goma. Akina mama kumi na kitu walikuwa wamebanana kwenye benchi la mbao, kila mmoja amempakata wake, viatu vyote vimeingia vumbi jeusi la lava. Zamu yetu ilipofika, muuguzi alichukua kipakiti cha plastiki na karatasi, akakiinua usawa wa macho ya dada yangu, ndipo akakipasua. "Mama, unaona? Iko mupya." Akamchoma mtoto pajani. Alipofikisha mwisho wa dawa, bomba likatoa kimlio, ta! Hakurudisha kifuniko cha sindano. Alilitupa bomba zima ndani ya kasha la manjano la karatasi ngumu lililokuwa karibu na mguu wake.

Bibi mmoja aliyekuwa amemleta mjukuu akacheka. "Sisi zamani walikuwa wanachemsha tu. Bomba moja, kijiji kizima."

Ni kweli tupu. Basi kwa nini yote haya leo: kuonyesha, kupasua, ile ta!, lile kasha? Jibu linapita nchi nyingi, ila sehemu yake nzito iko hapa hapa Kongo, na si watu wengi wanaolijua.

Tuanze na bomba lenyewe. Ukimchoma mtu, ncha ya sindano hurudi na chembe ya damu au majimaji ya mwili. Huioni kwa macho, na virusi havihitaji kuonekana. Cha homa ya ini aina ya B kinaweza kukaa nje ya mwili hadi siku 7 na bado kikaambukiza. Mhudumu ambaye hajachanjwa akijichoma kwa bahati mbaya na sindano yenye damu ya mgonjwa wa homa hiyo, uwezekano wa kuambukizwa unaweza kufika 30 kwa 100. Kwa virusi vya UKIMWI ni kama 3 kwa 1000. Wengi hudhani ni kinyume chake.

Kuna kosa moja ambalo hata watu waliosoma hulifanya: kubadilisha sindano tu, bomba likabaki lile lile. Wanadhani uchafu umeondoka na ncha. Lakini sindano na bomba ni njia moja ya maji. Damu hurudi nyuma ndani ya bomba, na ile kuvuta tu sindano ili kuitoa hunyonya kilichomo ndani yake kikaingia kwenye bomba. Ndiyo maana vyote viwili huenda kwenye kasha pamoja.

Bomba la kuchomea dawa chini ya ngozi si la zamani sana. Mwaka 1853 Alexander Wood huko Edinburgh na Charles Pravaz huko Lyon walilitumia kila mmoja kivyake, na kwa miaka mingi Wafaransa waliliita kwa jina la Pravaz. Lilikuwa la kioo na chuma, ghali, la kutunzwa. Kuchemsha kulikuja baadaye, dunia ilipokubali kwamba vijidudu vipo. Mwaka 1879 Charles Chamberland, mwanafunzi wa Pasteur, alitengeneza sufuria ya mvuke wenye shinikizo, ile ambayo hospitali zinaiita otoklavu. Ikiwaka vizuri na muda ukaheshimiwa, bomba la kioo hutoka safi kabisa. Bibi yetu wa kwenye benchi hakuchomwa na wajinga.

Shida iko katika hayo maneno mawili, "muda ukaheshimiwa". Mafuta ya jiko yakiisha je? Wagonjwa wakiwa mia tatu na mabomba matano?

Mabomba matano. Hiyo namba sikuitunga.

Mwaka 1976, Yambuku, kaskazini mwa nchi hii iliyokuwa ikiitwa Zaire, palikuwa na hospitali ya misheni yenye vitanda 120. Wahudumu walikuwa 17, wakiwemo masista wa Kibelgiji, na daktari hakuwepo. Watu walitembea mbali kuja pale kwa sababu dawa zilikuwepo. Kila asubuhi wauguzi walipewa mabomba matano na sindano zake, ya kutumia siku nzima: wagonjwa wa kutwa, kliniki ya wajawazito, waliolazwa. Kati ya mgonjwa na mgonjwa, bomba lilisuuzwa katika bakuli la maji ya vuguvugu. Jioni, mara nyingine, yakachemshwa. Chumba cha upasuaji kilikuwa na vifaa vyake, na hivyo vilipitishwa kwenye otoklavu kila baada ya kutumika.

Tarehe 26 Agosti mwaka huo alikuja mwalimu mkuu wa shule ya pale, ana homa. Ilidhaniwa ni malaria, akachomwa klorokini. Siku chache baadaye homa ikarudi kwa nguvu, damu ikaanza kutoka, akafa. Kisha wakaanza kuugua waliokuja hospitali siku hizo kwa mambo yao mengine kabisa, wakiwemo wajawazito waliokuja kliniki tu, wazima wa afya.

Ndiyo Ebola hiyo, kabla haijapata jina. Hesabu ya mwisho ilikuwa wagonjwa 318 na vifo 280. Wagonjwa 85 njia yao ilikuwa ni sindano za hospitali. Na hapa kuna jambo ambalo kila nikilisoma hunisimamisha: kati ya wale ambao kugusana kwao na ugonjwa kulikuwa kwa sindano peke yake, hakuna hata mmoja anayejulikana kuwa alipona. Walioambukizwa kwa kumuuguza ndugu, baadhi waliponyoka. Wa sindano hawakuponyoka. Wahudumu 11 kati ya wale 17 walikufa, hospitali ikafungwa. Na kufungwa kwake, bila yeyote kukusudia, kulisaidia kukata mnyororo.

Niongeze hili, maana ni rahisi kuwalaani wale masista. Hawakuwa wazembe. Walikufa na wagonjwa wao. Walifanya kama vituo vingi vya wakati ule vilivyofanya, kwa mabomba waliyokuwa nayo.

Sasa, huku Kivu ukiuliza jina la daktari aliyeijengea nchi heshima, utaambiwa Denis Mukwege wa hospitali ya Panzi, Bukavu, na ni haki yake. Lakini kwa habari ya sindano na damu jina ni Jean-Jacques Muyembe. Mwaka 1976 alikuwa kijana aliyerudi karibuni kutoka Ubelgiji na udaktari wake wa virusi, serikali ikamtuma Yambuku kutazama kuna nini. Alitoa damu za wagonjwa kwa mikono mitupu, bila glavu. Aliona jambo ambalo hakuwa amelizoea: akichomoa sindano, tundu halifungi, damu inaendelea kutiririka mpaka vidoleni mwake. Alinawa kwa maji na sabuni. Mwenyewe amesema mara nyingi kwamba huenda sabuni ile ndiyo iliyomwacha hai. Kisha akamshawishi sista mmoja mgonjwa asafiri naye hadi Kinshasa, na damu ya sista huyo ndiyo iliyopelekwa maabara ya Antwerp, Ubelgiji, katika chupa ya chai, ile termosi ya kawaida. Kwa miaka mingi dunia ilipenda kuianza hadithi pale Antwerp, mtafiti kijana Peter Piot na wenzake wanapoifungua termosi. Aliyeitoa damu mkononi alitajwa kwa pembeni, kama alitajwa.

Muyembe alikutana na Ebola tena katika mji wa Kikwit mwaka 1995. Safari hii ilikuwa chumba cha upasuaji: mfanyakazi wa maabara alifanyiwa operesheni, waliompasua wakaugua. Wagonjwa walifika 315, na karibu robo yao walikuwa wahudumu wa afya. Glavu, barakoa na mavazi ya kujikinga yalipowasili, maambukizi kwa wahudumu karibu yakakoma.

Hapo unaweza kusema: basi tuwafundishe wauguzi, tuwakumbushe, tuwakaripie. Ilijaribiwa. Ignaz Semmelweis alijaribu huko Vienna mwaka 1847. Rafiki yake Kolletschka alichomwa kidole kwa kisu cha kupasulia maiti, akafa kwa dalili zile zile za akina mama waliokuwa wakifa wodini baada ya kujifungua. Semmelweis akaunganisha mambo: madaktari walitoka kwa maiti wakaenda moja kwa moja kuzalisha. Aliwalazimisha kunawa kwa maji ya klorini, na vifo katika wodi yake vikashuka kutoka kama 18 kwa 100 mwezi Aprili hadi kama 2 mwezi Juni. (Ndiyo, klorini. Yale maji yenye harufu kali tuliyonawa kila mlango wa Goma wakati wa Ebola ni binamu wa beseni lile la Vienna.) Lakini alikaripia, akaandika barua za matusi, wakubwa wakakasirika, naye akafa mwaka 1865 katika nyumba ya vichaa. Ukweli alikuwa nao. Kilichokosekana ni njia ya kuufanya ukweli ufuatwe na mtu aliyechoka, saa tisa usiku, foleni ikiwa ndefu.

Njia hiyo ilipopatikana, haikuwa hotuba. Mabomba ya plastiki ya kutupa yalienea kuanzia miaka ya 1950. Colin Murdoch, mfamasia wa New Zealand, alikuwa miongoni mwa walioyabuni. Ila "ya kutupa" ni ombi tu. Kitu cha plastiki kilicho kizima, mahali pasipo na pesa, hakitupwi. Tunaosha hata mifuko sisi.

Ndipo watu wachache wakafikiri tofauti: vipi bomba lenyewe likikataa? Miaka ya 1980 shirika la PATH la Seattle lilibuni bomba lenye kibanio ndani kinachoruhusu pistoni ishuke mara moja, isivutike tena. Mwingereza Marc Koska, ambaye hakuwa daktari, alisoma gazetini mwaka 1984 kwamba mabomba ya kurudiwa yatasambaza UKIMWI. Alibuni la kwake ambalo viwanda vingeweza kulitengeneza kwa mashine zile zile walizonazo. Pistoni ikifika mwisho inanasa, ukiilazimisha inavunjika. Ilimchukua miaka 17 kuuza la kwanza. Mwaka 1999 WHO na UNICEF walitamka kwamba kufikia mwisho wa 2003 chanjo zote duniani zitolewe kwa mabomba ya namna hii tu.

Ile ta! niliyoisikia kituoni ni hiyo. Muuguzi hata akitaka kulirudia, haliwezi. Kulipasua mbele ya macho yako ni nusu tu ya ulinzi, kwani wewe unakuwa shahidi. Kasha la manjano linalinda wengine: mfagiaji, watoto wa jalalani, na muuguzi mwenyewe, maana kurudisha kifuniko kwa mikono miwili ni mojawapo ya njia za haraka za kujichoma.

Mpaka hapo inaonekana kazi imekwisha. Haijaisha. WHO ilikadiria kwamba dunia huchoma sindano kama bilioni 16 kwa mwaka, na chanjo ni kama 5 tu katika kila 100. Zinazobaki karibu zote ni za matibabu, na huko bomba la kawaida bado ndilo linalotawala. Na huku kwetu tunapenda sindano, tusidanganyane. Mtu akipewa vidonge anatoka amenuna, anasema hakutibiwa. Akitundikiwa serumu, ile dripu ya mshipani, ukoo mzima unapumua: "Wamemutia serumu, atapona." Yambuku ilikuwa vile vile, sindano ndiyo iliyowavuta watu.

Ebola ilipoingia Kivu Kaskazini mwaka 2018, Beni kulikuwa na watoto walioletwa kwenye vituo vidogo vya mitaani kwa ajili ya malaria, wakatoka na Ebola, na sindano zilikuwa miongoni mwa vilivyoshukiwa kwanza. Tarehe 14 Julai 2019 mgonjwa wa kwanza akathibitishwa hapa Goma, msafiri aliyeshuka basi kutoka upande wa Butembo. Siku tatu baadaye WHO ikatangaza dharura ya dunia. Mwezi huo huo serikali ilimkabidhi Muyembe uongozi wa mapambano, akiwa na miaka sabini na kitu.

Safari hii alikuja na dawa. Mojawapo, inayoitwa mAb114, ilitoka katika damu ya mtu aliyepona Kikwit mwaka 1995: miaka kumi na moja baadaye walimtoa damu, wakakuta kinga bado inazunguka ndani yake. Mwaka 2020 ilipata kibali Marekani. Haimezwi. Huingizwa mshipani, mara moja, kwa serumu na sindano iliyotoka kwenye pakiti muda ule ule.